Wiki moja na familia mbugani: Amboseli na Tsavo, au Bonde la Ufa na Mara?

Shule zinapokaribia kufungwa mwezi wa Agosti, familia nyingi za Nairobi huanza kupima njia mbili za kutumia wiki moja na gari lao. Ya kwanza huelekea kusini mashariki: Amboseli, Tsavo Magharibi, Tsavo Mashariki, kisha kurudi nyumbani kwa barabara kuu ya Mombasa. Ya pili huelekea kaskazini magharibi: Hell's Gate pale Naivasha, Ziwa Nakuru, kisha Maasai Mara, na kurudi kupitia Narok na Mai Mahiu. Njia zote mbili nimezipita zaidi ya mara moja nikiwa na mke wangu na watoto wetu wawili, na safari mbili kati ya hizo tulikuwa na mama yangu mzazi. Swali ambalo huulizwa kwanza ni wapi kuna wanyama wengi zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linalosaidia kidogo kuliko yote, kwa sababu wanyama wapo kote kuwili. Heri mtu aanze kwa kujiuliza ni nani atakayeketi kiti cha nyuma, na ni saa ngapi za gari anazoweza kustahimili kabla hajachoka kiasi cha kutotaka kuamshwa hata kama simba amelala kando ya barabara.

Mbuga zilivyopakana

Mzunguko wa kusini una sifa ambayo ule mwingine hauna: mbuga zake ni majirani wa kweli. Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1948, na kwa ukubwa wake ikagawanywa kuwa Magharibi na Mashariki ili iweze kusimamiwa, huku mstari wa kuzitenganisha ukifuata reli na barabara ya Mombasa. Unatoka upande mmoja, unafuata lami kwa muda mfupi, unaingia upande wa pili. Zikijumlishwa zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na Tsavo Mashariki peke yake ina 13,747, ilhali Amboseli inayojulikana zaidi kwa picha zake ina 392 tu. Kati ya Amboseli na Tsavo Magharibi kuna ardhi za malisho za Wamaasai, na upande wa kaskazini vimesimama vilima vya Chyulu, ambavyo navyo vimekuwa mbuga ya kitaifa tangu 1983. Kwa hiyo hata siku ya kuhama haiwi siku ya kukaa garini bure, kwa sababu twiga na punda milia hawajui mpaka uko wapi, na mara nyingi tumewaona wakila pamoja na ng'ombe tukiwa bado hatujafika lango lolote.

Mzunguko wa Bonde la Ufa ni mbuga tatu zilizo mbalimbali, na katikati yake kuna miji, mashamba ya ngano, vibanda vya viazi na malori. Hell's Gate ina kilomita za mraba 68, Ziwa Nakuru ina 188, na Maasai Mara takriban 1,510. Ifahamike pia kwamba Mara si mbuga ya kitaifa bali ni hifadhi iliyo chini ya Kaunti ya Narok, na jambo hili lina uzito kwa msafiri kwa kuwa ada na masharti yake hayatoki kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, linalosimamia mbuga za kitaifa kama Tsavo na Ziwa Nakuru.

Barabara, na saa za kukaa garini

Kwa kusini, siku ya kwanza ni nyepesi ukiondoka Nairobi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, malori ya Mlolongo na Athi River yakiwa bado hayajajazana. Emali iko umbali wa kilomita 120 hivi, na hapo unakata kulia kushika barabara ya lami inayokwenda Loitokitok hadi unapofika Kimana, ambako unaingia Amboseli kwa lango lenye jina hilohilo. Wapo wanaopendelea kupitia Namanga. Mimi siwashauri wenye watoto wadogo, kwa kuwa sehemu ya kutoka Namanga kuingia mbugani ina mawimbi kama bati, na mtoto aliyekunywa chai nzito asubuhi hatafika Amboseli nayo.

Siku ya tatu ndiyo ya kupanga kwa makini. Kutoka Kimana hadi lango la Chyulu la Tsavo Magharibi ni barabara ya vumbi na mawe, na karibu na lango unapita juu ya mawe meusi ya volkano ambayo kingo zake hukata matairi. Nilijifunza hilo kwa gharama. Mwaka mmoja tulikodi gari la viti saba kutoka kwa mfanyabiashara mmoja jijini, tukapata pancha dakika ishirini kabla ya Chyulu, na tulipolishusha gurudumu la akiba kutoka chini ya gari tukakuta halina upepo hata kidogo. Jeki ilikuwapo, spana ilikuwapo, lakini tairi lilikuwa laini kama mto wa kulalia. Tulikaa hapo kwa zaidi ya saa mbili katika jua la adhuhuri, mama yangu akiwa amejifunika leso kichwani, hadi wafugaji wawili waliokuwa na pikipiki walipokubali kulipeleka tairi kujazwa. Tangu siku hiyo, gari liwe langu au la kukodi, gurudumu la akiba nalishusha na kulipima upepo nikiwa bado Nairobi, mbele ya mwenye gari. Mafuta pia hujazwa Kimana, na tangi liwe limejaa kabisa, kwa maana ukishaingia Tsavo Magharibi mji wa uhakika unaofuata ni Mtito Andei.

Kutoka huko, siku ya tano unavuka kwenda Tsavo Mashariki kwa lango la Manyani au la Voi, na siku ya saba unarudi Nairobi, kilomita 330 hivi kutoka Voi, zote za lami. Safari hiyo ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote na pia ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu malori ni mengi na kila dereva aliyechelewa hujaribu kuyapita mahali pasipofaa. Ondoka Voi alfajiri ili ufike kabla ya giza, na upumzike Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga, ambako msafiri yeyote hukaribishwa chakula bila malipo na watoto hupata kivuli na nafasi ya kunyoosha miguu. Huvuliwi chochote ila viatu, na kichwa hufunikwa kwa kitambaa. Mzunguko wote, kabla ya kuhesabu kilomita za ndani ya mbuga, ni kama 750 hadi 800.

Kwa Bonde la Ufa hesabu ni fupi zaidi, takriban kilomita 600, na siku mbili za kwanza za kuhama ni rahisi sana. Nairobi hadi Naivasha ni kilomita 90, Naivasha hadi Nakuru ni 70, na katikati kuna Kikopey, ambako nyama ya mbuzi huchomwa tangu asubuhi. Usihadaiwe na ufupi huo. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit inapanuliwa, na tuta moja la mchanga au gari moja lililoharibika linatosha kukuongezea saa nzima. Siku ngumu ni ile ya kutoka Nakuru kwenda Mara. Njia ya Njoro na Mau Narok inapanda hadi zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, penye baridi na ukungu, kisha inashuka Narok, na kutoka Narok hadi lango la Sekenani kuna lami. Ni siku nzima kwa gari lenye watoto. Ukiifika Mara jioni hiyo umechoka, na kwa kuwa wengi hubakiza usiku mbili tu, unapata siku moja kamili katika hifadhi ambayo ndiyo iliyokugharimu zaidi.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu mkubwa wa mzunguko huu. Nusu yake ya kwanza inamfaa hata mtoto wa miaka mitatu, na nusu yake ya pili inataka subira ya mtu mzima.

Kushuka garini

Mtoto wa miaka sita hawezi kutazama wanyama dirishani kwa siku saba. Siku ya kwanza atawahesabu ndovu mmoja mmoja. Kufikia siku ya tatu atauliza kama kuna bwawa la kuogelea. Kwa hiyo mimi hupima kila mbuga kwa kuuliza ni wapi panaporuhusiwa kushuka na kutembea, na kwa kipimo hicho Hell's Gate haina mshindani.

Katika mbuga hiyo, iliyotangazwa mwaka 1984, unakodi baiskeli langoni, lango la Elsa, na kuendesha katikati ya punda milia, ngiri, swala na twiga bila kioo kati yenu. Barabara haina milima mikali hadi karibu na korongo, na kando yake upo mnara wa mwamba uitwao Fischer's Tower, wenye urefu wa mita 25, ambako pimbi huota jua juu ya mawe na watoto huwaona kwa karibu. Simba hawako, lakini nyati wapo, kwa hiyo familia iendeshe baiskeli pamoja na asiachwe mtoto nyuma. Kuhusu korongo la Ol Njorowa ni lazima niseme wazi. Mvua inayonyesha mbali, juu ya vilima msivyoviona, huteremsha maji ghafla ndani yake, na watu wamekufa humo, wakiwamo wale wa Septemba 2019. Ulizeni langoni siku hiyohiyo kama liko wazi, msiingie bila kiongozi wa hapo, na kama kuna wingu zito upande wowote, acheni. Baiskeli na mnara vinatosha kabisa kwa siku ya mtoto.

Ziwa Nakuru halina uhuru kama huo, lakini lina sifa nyingine inayowafaa wadogo: mbuga yote imezungushiwa ua, si kubwa, na unaweza kuizunguka kwa nusu siku ukaona kifaru mweupe, nyati na twiga wa Rothschild kabla ya chakula cha mchana. Vifaru walianza kuhifadhiwa humo kwa makusudi mwaka 1987, na hadi leo sijui mahali pengine ambapo familia inayojiendesha yenyewe ina nafasi nzuri hivyo ya kumwona. Kwa upande wa heroe, wale ndege wa waridi walioipa Nakuru umaarufu, usimwahidi mtoto. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya ziwa yamepanda, yakameza lango kuu la zamani na barabara za kando ya ufuo, na chumvi ilipopungua majini chakula chao kilipungua pia, wengi wao wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Wapo wachache baadhi ya miezi. Miti iliyokufa imesimama majini kama nguzo, na watoto wangu waliishangaa zaidi kuliko ndege.

Kusini nako kuna mahali pa kushuka, ingawa ni lazima upajue mapema. Amboseli kuna kilima cha kutazamia, Noomotio, ambacho hupandwa kwa miguu, na kutoka juu unaona vinamasi vya kijani vikiwa katikati ya nchi kavu yenye vumbi jeupe. Tsavo Magharibi kuna mawe ya volkano ya Shetani, kuna kreta ya Chaimu ambayo kijana wa miaka kumi huipanda kwa furaha na mtu wa miaka sabini huitazama kutoka garini, na kuna chemchemi ya Mzima. Tsavo Mashariki kuna mwamba wa Mudanda na maporomoko ya Lugard kwenye mto Galana.

Mzima inastahili asubuhi nzima. Maji yake huanza kama mvua juu ya vilima vya Chyulu, hupenya katika mawe ya volkano yenye vitundu, husafiri chini ya ardhi na kutokea hapa yakiwa angavu kiasi kwamba unahesabu kokoto za chini, na sehemu yake husafirishwa kwa mabomba hadi Mombasa. Mgambo mwenye bunduki hutembea nanyi kwenye njia ya kivulini. Mwishoni mwa njia kuna chumba kilichozamishwa majini, chenye madirisha ya kioo, ambacho hushukiwa kwa ngazi nyembamba. Mama yangu alisema hatashuka, kisha akashuka akiwa amemshika bega mjukuu wake. Humo ndani mwanga ni wa kijani. Samaki wengi wenye magamba meusi walikuwa wamesimama mbele ya kioo, wote wakielekea upande mmoja kama waumini, na binti yangu aliweka paji la uso kwenye kioo akanyamaza, jambo ambalo si la kawaida kwake. Baada ya muda akauliza kwa sauti ya chini, "Nyanya, wao wanatuona?" Mama akamjibu, "Wanatuona, mwanangu. Ndiyo maana wametulia." Tulipopanda juu, kiboko alikuwa ametokeza pua hatua chache kutoka chumba kilipo.

Nimeirudia Mara mara tatu, na nakiri kwamba hakuna mahali kusini ambapo tambarare hujaa nyumbu kama kule. Zaidi ya milioni moja huzunguka kati ya Serengeti na Mara, na kati ya Julai na Oktoba kundi kubwa huwa upande wetu. Hata hivyo, kuvuka kwao mto Mara ni jambo la kungojea. Mnaweza kuketi ndani ya gari saa nne mkitazama nyumbu wakikaribia ukingo, wakirudi nyuma, wakikaribia tena, na mtoto hawezi kushuka hata kukojoa bila ninyi kuondoka mahali hapo. Mtoto aliyetimiza miaka kumi hupenda ngojangoja hiyo, ukimweleza kinachoendelea. Mdogo huilia.

Wanyama na nchi yenyewe

Amboseli ni ya ndovu. Uchunguzi wao ulioanzishwa na Cynthia Moss mwaka 1972 unaendelea hadi leo, kwa hiyo ndovu wengi unaowaona hapo wana majina na koo zao zinajulikana kizazi kwa kizazi. Tim, dume aliyekuwa na pembe zilizokaribia kugusa ardhi, aliishi huko hadi alipokufa mwaka 2020. Nyuma yao upo mlima Kilimanjaro, mita 5,895, ulio Tanzania lakini mandhari yake bora huonekana kutoka kwetu. Agosti ni mwezi wa mawingu, na mlima hufunuka alfajiri, ukajifunika kabla ya saa tatu, kisha pengine ukaonekana tena jioni. Anayetaka kuuona aamshe watoto saa kumi na moja na nusu na awape chai garini.

Ukishuka Tsavo Mashariki, ndovu walewale wa kijivu hugeuka wekundu, kwa kuwa hujipaka udongo mwekundu wa huko ili kujikinga na jua na wadudu. Mwanangu wa kiume alidhani ni jamii nyingine ya ndovu, nami nikamwacha aamini hivyo hadi tulipoona kundi likitoka majini katika bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952, nusu ya miili yao ikiwa nyekundu na nusu kijivu. Tsavo pia ina kisa ambacho vijana hawachoki kukisikia mnapovuka mto Tsavo: mwaka 1898, simba wawili wasio na manyoya shingoni waliwashambulia na kuwala wajenzi wa reli, kazi ya daraja ikasimama, hadi walipouawa mwezi wa Desemba mwaka huo. Miili yao iliyokaushwa iko katika jumba la makumbusho la Field, Chicago. Wakati mwingine mnaposimuliana kisa hicho, treni ya SGR, ile reli mpya ya Nairobi na Mombasa, hupita juu ya tuta, na chini ya tuta kuna mapito makubwa yaliyoachwa ili ndovu wavuke.

Sharti nieleze pia upungufu wa Tsavo. Ukubwa wake ni neema na ni mtihani. Vichaka vya Tsavo Magharibi ni vinene, na mnaweza kuendesha saa nzima bila kuona kitu ila dikidiki. Mara haikufanyi hivyo. Nyasi zake ni fupi na simba huonekana mapema. Familia inayofanya safari yake ya kwanza kabisa, na ambayo pengine haitarudi kwa miaka mingi, huenda ikaridhika zaidi na Mara kwa sababu hiyo moja.

Majira, joto na afya

Voi iko chini ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na joto lake la mchana humchosha mzee na mtoto mchanga. Malaria nayo ipo, kwa hiyo zungumza na daktari wiki kadhaa kabla ya safari na usisahau vyandarua. Naivasha iko karibu mita 1,900, ambapo usiku mnahitaji sweta mbili na blanketi la ziada. Amboseli vumbi ndilo tatizo, hasa kwa mwenye pumu. Sisi hulowesha leso na kuifunga dirishani upande wa mtoto.

Kwa likizo ya Aprili jibu langu ni fupi. Mvua za masika hugeuza udongo mweusi wa Mara kuwa utelezi ambao gari dogo haliwezi kuuvuka, na mwaka 2024 mito ya huko ilifurika hadi kwenye kambi za wageni. Nendeni Hell's Gate na Nakuru siku nne, muiache Mara. Amboseli nayo sehemu zake huzama wakati huo. Desemba, mvua za vuli zikiisha mapema, Tsavo huwa ya kijani na wageni ni wachache kuliko Agosti, ingawa wanyama hutawanyika kwa kuwa maji yako kila mahali.

Fedha

Kwa mbuga za KWS, ada hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Pesa taslimu hazipokelewi langoni. Tiketi huhesabiwa kwa saa 24 na kwa kuingia mara moja, jambo lenye maana kubwa kwa anayelala nje ya mbuga: ukiingia saa tisa alasiri, ukalala ndani, una ruhusa hadi saa tisa ya kesho, lakini ukitoka kwenda kulala hotelini mjini umeipoteza. Amboseli na Nakuru ziko daraja la juu la ada, Tsavo zote mbili ziko chini yake, na Hell's Gate ni nafuu zaidi. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo fungua ukurasa wa malipo jioni ya kuamkia safari na ufanye hesabu ya familia nzima, pamoja na gari, ambalo hulipiwa peke yake. Beba vitambulisho vya taifa, maana tofauti kati ya ada ya mwananchi na ya mgeni ni kubwa.

Kwa Mara tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Kama ndugu yenu anayeishi ughaibuni amekuja na mwenzi ambaye si Mkenya, mjue kwamba tangu mwaka 2024 mgeni asiye mkazi hutozwa dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba, na kwa wanaolala nje ya hifadhi siku hiyo huanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa kumi na mbili jioni. Malazi nayo hupanda bei katika miezi hiyohiyo ya nyumbu. Kwa fedha ambazo familia yetu ilitumia usiku mbili za Mara mwezi wa Agosti, tulilala usiku nne Tsavo katika nyumba ndogo za kujipikia, tukiwa na mtungi wetu wa gesi wa kilo 6, unga, sukuma wiki tulizonunua Emali na nyama iliyogandishwa nyumbani. Watoto wanakumbuka zaidi ugali ule kuliko meza ya hoteli.

Jambo dogo linaloudhi wengi langoni: chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020. Jazeni mitungi mikubwa ya lita ishirini na kila mtu awe na chupa yake ya chuma. Na chakula kisiachwe wazi kwenye kiti, hasa Nakuru, ambako nyani hungojea mlango ufunguliwe.

Familia gani iende wapi

Kama watoto wenu hawajafika miaka saba, au gari lenu ni dogo na la chini, shikeni Bonde la Ufa, lakini kwa mpango tofauti na unaouzwa sana: usiku tatu Naivasha, usiku tatu Nakuru, bila Mara. Mtapata baiskeli, mashua ziwani, vifaru na siku nzima ya kupumzika, na hakuna siku ambayo gari litatembea zaidi ya saa tatu. Mara ifanyeni safari ya peke yake mwaka mwingine, siku nne, moja kwa moja kutoka Nairobi.

Kama watoto wamevuka miaka minane, na mna gari lililoinuka kidogo na matairi mazuri, nendeni kusini bila kusita. Nasema hivi kwa sababu zile mbuga tatu husimulia jambo moja. Vinamasi vya Amboseli hulishwa na maji yaliyopenya chini ya Kilimanjaro, nayo chemchemi ya Mzima hulishwa na yale yaliyopenya chini ya Chyulu, na mtoto aliyeona vyote viwili ndani ya siku nne hutambua mwenyewe kwa nini wanyama wako hapo na hawako kwingine. Sijaona somo hilo likiingia hivyo darasani.

Ugumu hubaki kwa familia kama yetu, yenye vijana wanaotaka kupanda kreta na nyanya ambaye mgongo wake haukubali tena barabara ya kutoka Kimana. Mwaka huu tumepanga hivi: sisi tutatangulia Amboseli kwa gari Jumamosi, tutavuka kwa lango la Chyulu Jumatatu, na Jumanne mama atapanda Nairobi ile treni ya asubuhi ya SGR inayosimama vituo vya kati, ashuke Mtito Andei, ambako lango la Tsavo Magharibi liko karibu. Tutampokea stesheni, tutampa maji ya kunawa na chai, na kwa kuwa gari halitakiwi kupita kilomita 40 kwa saa humo ndani, tutakuwa na muda wa kutosha wa kumpeleka polepole hadi Mzima, ambako ndiko alikosema anataka kurudi.